Wasio na Tarehe

Mliokuwa na jamaa gerezani miaka ya tisini mnazijua safari zile: basi la usiku kutoka Mwembe Tayari, Bibi amekaa dirishani na kikapu mapajani, ndani yake sabuni ya kipande, dawa ya meno na mafuta ya nazi yaliyomiminwa kwenye chupa ya soda na kuzibwa kwa karatasi iliyosokotwa, mafuta ambayo langoni yangekataliwa kama yalivyokataliwa safari iliyopita, naye akilijua hilo na bado akayabeba. Alfajiri tunashuka, baridi ya bara inatupiga miguuni, tunapanga foleni, askari anaichoma ile sabuni kwa waya kuona kama imefichwa kitu. Kisha tunaingizwa kwenye chumba chenye nyavu mbili za waya, kati yake ujia ambamo askari mwingine anatembea huku na huku akitazama saa. Familia zote zinasema kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja anapaza sauti kumshinda jirani, na habari za misiba, karo na ndoa zinageuka makelele matupu. Harufu ilikuwa ya dawa ya sakafu, maharagwe yaliyochemshwa kupita kiasi na mablanketi yasiyoanikwa. Nami mtoto wa shule ya msingi nimeshikilia waya, namwamkia mtu wa sare ya milia upande wa pili, "Shikamoo, Mjomba!", na marahaba yake inanifikia vipande vipande.

Siku hizi kuna mabenchi. Zikifika siku za wazi, mfungwa huketi na watu wake chini ya turubai, mtoto akapakatwa na babake, sahani ikapita mkono kwa mkono. Ni jambo jema, na Bibi hakulipata ila mwishoni kabisa mwa maisha yake.

Gereza lenyewe sitalitaja. Mjomba alihukumiwa mwaka 1996 kwa wizi wa kimabavu. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hakikumwachia hakimu nafasi ya kupima chochote: ukipatikana na hatia, ni kunyongwa. Ni kweli kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini mwaka 1996 nani angekuhakikishia kwamba haitaanza tena kesho? Nyumbani kwetu wakubwa walisema aliponzwa na wenzake. Kilichotokea ni kwamba watu wanne walimvamia mwenye duka usiku, wakamkata panga mkono, na Mjomba alikuwa mmoja wao. Panga hakuwa nalo. Yeye alishika mlango. "Nilishika mlango tu" ndiyo sentensi aliyoingia nayo gerezani, na aliishi nayo miaka kadhaa.

Bibi alikuwa na njia zake za kumfikia. Alinunua zile kadi za salamu dukani, akaniamuru niandike majina kwa herufi kubwa, tukazituma Idhaa ya Taifa ya KBC, na jioni tukakaa kando ya redio ya mbao yenye betri kubwa nne, tukisubiri mtangazaji amsalimu mtu ambaye hakuwa na redio. Nilimwuliza Bibi mara moja faida yake ni nini. Akanijibu kwamba wenye redio wangemsikia akitajwa na wangejua kwamba ana kwao.

Na zilikuwepo barua. Zilifika zimefunguliwa na kusomwa, muhuri wa gereza pembeni, na kwa muda mrefu mwandiko haukuwa wake, kwani Mjomba aliacha shule mapema na kalamu kwake ilikuwa mzigo. Mwandiko ule ulikuwa wa mkono uliofunzwa zamani, herufi zimeinama upande mmoja, kila barua ikianza na "Natumaini waraka huu utawakuta katika hali ya siha njema". Tulikuja kujua kwamba mwandishi alikuwa mzee mmoja wa kondemu, yaani sehemu ya waliohukumiwa kufa, mwalimu wa shule kabla ya kesi yake, aliyewaandikia barua wenzake wote wasioweza kuandika. Kisha mwaka fulani ikaja barua yenye herufi kubwa zilizopinda, mistari inateremka kama maji ya mfereji, na chini kabisa jina la Mjomba limeandikwa na Mjomba mwenyewe. Bibi hakujua kusoma. Aliutambua mwandiko mpya kwa kuutazama tu, akaiweka barua ile kwenye mkebe wa biskuti peke yake, mbali na nyingine.

Kitabu cha kwanza alichosomea kilikuwa mwenendo wa kesi yake. Ndani ya kondemu hamkuwa na kazi wala darasa. Aliyehukumiwa kufa hakupelekwa karakana wala shambani, maana serikali haikuona haja ya kumfunza mtu anayesubiri kitanzi. Karatasi walizokuwa nazo ni zile za mahakama, zilizopigwa taipu kwa Kiingereza kwa ajili ya rufaa. Yule mzee alimfundisha kwa hizo hizo. Neno moja moja, Kiingereza kisha Kiswahili, kwa mwanga wa taa ya seli ambayo haizimwi usiku kucha. Majuma yakapita wako kwenye ushahidi wa mwenye duka. Wakafika kwa mkewe. Mama yule aliieleza mahakama kwamba alipomwona mumewe anakatwa alikimbilia mlangoni kwenda kuita majirani, akausukuma mlango, na mtu aliyekuwa nje akausukuma kumrudisha ndani. Akausukuma tena, ukarudishwa tena.

Mjomba alikuwa ameyasikia maneno hayo kortini, kupitia mkalimani aliyekuwa akiharakisha, na hayakumwingia. Safari hii aliyasoma kwa mwendo wa mtu anayejifunza kusoma, kidole chini ya kila neno, na "push" ilimchukua jioni nzima. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba angekuwa msomaji mwepesi angeipita sentensi ile. Tangu hapo hakusema tena kwamba alishika mlango tu.

Mengine ya miaka ile nayapita haraka. Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais na waziri mwenye dhamana ya magereza baada ya serikali kubadilika, alileta magodoro, mablanketi mapya, televisheni na redio, na zile nyavu za wageni zikaanza kupoteza kazi yake. Tuliomtembelea mtu kabla na baada tuliiona tofauti hata kwenye nyuso za askari. Kadi za salamu za Bibi zikaanza kumfikia kweli, kwa sauti ya mtangazaji, ndani ya bweni lenye watu wengi kupita nafasi yake. Yule mzee mwalimu hakuwahi kusikia jina lake redioni. Alikufa kabla ya hapo, na Mjomba akarithi kazi yake ya kuandika barua za wenzake.

Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakisubiri kunyongwa, wakawa wa kifungo cha maisha. Sijui kama kuna nchi nyingine ambako familia hupika pilau kusherehekea kifungo cha maisha, lakini kwetu ilipikwa, na majirani wakala. Mjomba alitoka kondemu akaingia gereza la kawaida, akapewa kazi karakana ya useremala asubuhi na ruhusa ya kuhudhuria darasa mchana. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 42, aliketi akafanya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mwaka uliofuata walimweka mbele ya ubao awafundishe wengine, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Akawa Mwalimu.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka lieleweke. Mfungwa wa kawaida ana tarehe. Akijiheshimu, sheria inampunguzia theluthi ya kifungo, na tarehe ile inasogea karibu. Wa kifungo cha maisha punguzo hilo halimhusu. Kwenye kadi yake, mahali pa siku ya kuachiliwa pako patupu. Awe mkorofi au mpole, asome au alale, gereza halina cha kumlipa. Nimesikia watu wakisema wafungwa hujibadilisha ili watoke, na kwa wengine ni kweli. Kwa watu hawa haikuwezekana iwe kweli. Mjomba alifundisha hesabu za sehemu na ngeli za Kiswahili kwa miaka ambayo hapakuwa na mlango wowote aliotarajia ungefunguka. Na kwa kuwa hawakuwa wakienda popote, hao ndio waliobaki. Wenye miaka mitatu walikuja wakaondoka, maafisa wakahamishwa, makasisi na mashehe wakabadilishana zamu, lakini darasani mwalimu ni yule yule, na mgeni wa usiku wa kwanza, kijana analia chini ya blanketi, alioneshwa pa kulala na mzee aliyekuwepo kabla yeye hajazaliwa.

Darasa lake lililopendwa kuliko yote halikuwa la ubaoni. Lilikuwa la jioni, la rufaa. Wale walioshtakiwa kwa wizi wa kimabavu waliijua kesi ya Maitanyi ya 1986 kama watoto wa chuoni wanavyojua Fatiha, kwa sababu majaji walisema humo kwamba shahidi akiwa mmoja na tukio ni la usiku, lazima mahakama iulize juu ya mwanga. Taa ilikuwa ya aina gani? Karabai, koroboi, au stima? Ilining'inia wapi, na mshtakiwa alisimama upande gani? Aliwachorea chumba sakafuni kwa chaki, akaweka kisoda mahali pa taa, na kijana akaoneshwa kama shahidi angeweza kumwona au la. Kisha hati inaandikwa kwa mkono kwenye fulskapu, pambizo imepigwa kwa ukingo wa kipande cha sabuni, nakala kadhaa, kila moja upya kwa sababu hapana fotokopi.

Lakini alikuwa na sharti. Kabla hajamwandikia mtu rufaa, mtu huyo alimsomea mwenendo wote wa kesi kwa sauti, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na ushahidi wa mlalamikaji haukurukwa. Asiyejua kusoma alifundishwa kwanza. Walikuwepo waliokasirika wakaenda kuandikiwa na wengine kwa malipo ya sigara. Wapo pia waliosoma, wakafika mahali fulani wakanyamaza, na jioni hiyo darasa likaishia hapo. Mjomba hakuwaambia neno. Aliwangoja siku ya pili.

Hakuwa peke yake, na wala gereza lile halikuwa peke yake. Peter Ouko alikaa Kamiti miaka 18, akasomea sheria humo kwa masomo ya Chuo Kikuu cha London, akaanzisha kazi ya kuwaonya vijana dhidi ya uhalifu angali mfungwa, na Oktoba 2016 akasamehewa na Rais Uhuru Kenyatta. Uganda, Susan Kigula aliyehukumiwa kunyongwa ndiye ambaye jina lake limo juu ya kesi ya wafungwa zaidi ya 400 waliopinga adhabu hiyo kuwa ya lazima, na Mahakama ya Juu ya huko ikawakubalia Januari 2009. Naye alisoma na kuwafundisha wenzake huko Luzira hadi alipotoka 2016. Hao mmewasikia. Nyuma ya kila mmoja wao kuna walimu wasiotajwa, wenye mikono ya vumbi la chaki, na wengi wao ni wa kifungo kisicho na mwisho.

Kisha mlango ukafunguka. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima hali ya mtu ni kinyume cha Katiba. Kesi ile ilihusu mauaji, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikakubali hoja hiyo iwafae na wa wizi wa kimabavu, na magerezani ikawa ni "Muruatetu, Muruatetu", fulskapu zikapanda bei. Mjomba aliandika maombi ya wenzake wengi kabla ya kuandika yake. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu upya: miaka aliyokaa inatosha. Afisa wa probesheni alikuwa amekwenda kwa familia ya mwenye duka. Mwenyewe alishafariki. Mjane alisema hapingi mtu huyo kwenda kwao, ila asimwone. Mjomba hajapita mtaa ule mpaka leo, na hatapita.

Nilimpokea langoni. Nilifurahi nikashindwa kusema, na sitaki mtu adhani furaha ile ilikuwa na doa.

Doa nililiona baadaye. Katika miaka iliyofuata uamuzi wa Muruatetu walitoka karibu wazee wote wa bweni lake: Mwalimu, fundi mkuu wa useremala, aliyekuwa akiongoza swala, na mzee mmoja aliyekuwa akiwapatanisha waliogombana kabla ugomvi haujafika kwa askari. Walistahili kutoka. Nami niliwaombea. Lakini vijana walioingia baada yao walilikuta bweni halina mkubwa. Mnajua pia kinachotoka magerezani siku hizi: simu ya mtu mwenye sauti ya upole akikuambia umeshinda zawadi, au ametuma pesa kwako kimakosa umrudishie. Vijana wanaopiga simu hizo wana akili nyepesi, wanakumbuka tarakimu, wanajua kumsoma mtu kwa sauti yake. Mimi huwafikiria kama wanafunzi ambao mwalimu wao ameondoka.

Na huku nje mwalimu hana darasa. Ukitaka kufundisha unahitaji cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na alama za vidole vyake zinasema yote. Mtaani kwetu Kisauni wanamjua kama fundi wa vitanda, fundi mzuri, na wazee wengine bado humwita "yule aliyekuwa ndani". KCPE aliyowaandalia watu wazima, wakalia kwa furaha matokeo yalipokuja, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Ana sanduku zima la maswali ya marudio ambayo sasa hayampimi mtu yeyote. Bibi hakumwona akirudi. Ule mkebe wa biskuti anao yeye, na katika barua zote zilizomo, za mzee mwalimu anazisoma zaidi kuliko zake.

Kuna kijana mmoja wa Kayole. Aliingia 2013 kwa kosa lile lile, kondemu, kisha Oktoba 2016 akawa miongoni mwa 2,747 ambao Rais Kenyatta aliwabadilishia kifo kuwa maisha. Alimsomea Mjomba mwenendo wote wa kesi yake. Ombi lake la kuhukumiwa upya lilipangiwa siku mwaka 2020, korona ikafunga mahakama, ikaahirishwa, na Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba uamuzi wa Muruatetu ulihusu mauaji tu. Mlango ukafungwa yeye akiwa foleni. Julai 2023 majaji wa rufaa waliokaa Malindi walisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo hakipatani na Katiba, wakaweka miaka 40 mahali pake, na kwa mara nyingine akaandika. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo. Nami nasema wazi kwamba mtu akikaa miaka mingi hivyo lazima pawe na siku ambayo mwenye mamlaka anamtazama upya, kwa ajili yake na kwa ajili ya aliyemkosea, ambaye pia hajaulizwa kitu. Kuwaachia majaji wafungue na kufunga mlango mmoja mara mbili ndani ya miaka minane ni ukatili hata kama hakuna aliyekusudia.

Kijana yule sasa ndiye Mwalimu. Simu ya magendo hataki kuigusa, kwa hiyo yeye bado anaandika barua, labda wa mwisho kufanya hivyo katika bweni lake, na mwandiko wake umeinama upande mmoja kama wa yule mzee ambaye hakuwahi kumwona. Mjomba humfikia kila Ramadhani na kikundi cha msikiti kinachopeleka futari. Anaacha simu langoni, anakaguliwa, anakaa benchi moja naye. Safari ya mwisho kijana alimwambia amebakiwa na watu kumi na wawili darasani na hajui awatayarishie mtihani gani sasa ambapo KCPE haipo, na kwamba wanne kati yao hawajui kusoma, lakini mwenendo wa kesi zao wanao.

Mjomba alikwenda ofisi ya elimu ya watu wazima kuuliza habari za mtaala. Karani akamwambia arudi Alhamisi. Kwa hao wanne hakuuliza mtu: amenunua daftari na kalamu, akawaandikia kwa mkono wake orodha ya maneno ya Kiingereza yanayojirudia kwenye karatasi za mahakama, kila neno na Kiswahili chake kando.